Kufunga mipira ya pampu ya petroli, hasa ule wa kunyonya unaosumbua watu

Masika ikishika Dar kila mtu anatafuta pampu. Wa Jangwani na Kigogo wanataka kutoa maji ndani ya uzio, wa Kigamboni kachimba msingi umegeuka bwawa, na huku juu Goba na Kimara watu wao wanataka kupandisha maji ya kisima kwenye simtanki. Mashine ni ileile, hizi za petroli za inchi 2 au inchi 3 zenye fremu ya bomba, unakodi au unaenda kununua Kariakoo, unatia mafuta unavuta kamba inaunguruma vizuri tu afu maji hayaji. Hapo anaitwa fundi, fundi anafungua plagi, anafungua kabureta, anapuliza puliza, anakula hela yako na pampu bado inaunguruma kavu. Jamani, injini ikizunguka vizuri na maji hayatoki, anza kuangalia mpira wa kunyonya kabla hujagusa kitu kingine chochote, mana mara nyingi sana pampu inavuta hewa badala ya maji.

Kwa hiyo nitakaa sana upande wa kunyonya. Upande wa kutoa nao una mambo yake lakini hauna ubishi.

Kwanza elewa pampu inafanyaje kazi, ukielewa hili mengine yote yanakuja yenyewe. Pampu hizi hazina nguvu ya kuyashika maji chini na kuyavuta juu. Inachofanya ni kutoa hewa iliyomo ndani ya mpira, halafu hewa ya nje inayokandamiza uso wa maji kisimani ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Sasa hewa ya nje nayo ina mwisho wake, usawa wa bahari kama tulivyo sisi Dar haiwezi kusukuma maji zaidi ya mita 10 na kidogo hata uweke pampu kubwa kiasi gani, na hiyo ni kwa mahesabu tu, kwenye kazi pampu nzima na mpira mzima unapata mita 7, ikizidi sana 8. Mimi ushauri wangu usivuke mita 5, mana juu ya hapo kila kasoro ndogo inaonekana na maji yanapungua sana. Na mita hizo ni za kwenda juu, yani toka uso wa maji mpaka katikati ya pampu, sio urefu wa mpira. Kisima chako kikiwa na maji mita 12 chini basi achana na hii kitu, tafuta pampu ya kuzamisha, usidanganywe na muuzaji kwamba "hii mashine ina nguvu".

Kibati cha pampu, kile kilichobandikwa chenye vipimo vyake, huwa kinaandika mita 30 hivi, watu wanachanganya hapo. Hizo 30 ni jumla, kunyonya na kusukuma. Kusukuma inaweza sana, kunyonya ndio shida. Kwa hiyo kanuni ni moja: sogeza pampu karibu na maji kadiri unavyoweza, mpira wa kunyonya uwe mfupi, urefu wote upeleke upande wa kutoa.

Ila kuna kitu watu wanafanya kwa sababu ya kanuni hiyohiyo na kinaua. Wanaona maji yako mbali wanaishusha pampu ya petroli ndani ya kisima au ndani ya shimo la msingi refu na mtu anashuka nayo kuiangalia. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, shimoni haina pa kutokea, mtu analegea tu na anayeshuka kumuokoa naye anabaki hukohuko. Pampu ya petroli inakaa sehemu ya wazi, sio shimoni, sio stoo, sio barazani dirisha likiwa wazi. Hapo hakuna mjadala.

Sasa mipira. Ya kunyonya lazima iwe ile migumu yenye waya au plastiki ngumu iliyozungushwa ndani yake, ukiiminya kwa mkono haibonyei. Ule mpira bapa unaokunjika kama mkanda, wa bluu au mwekundu, ni wa kutoa tu, ukiufunga kwenye kunyonya unajibana wenyewe dakika hiyohiyo na hakuna maji yatakayopita. Dukani ukunje kidogo huo mgumu uone kama unarudi sawa bila kukwama, chungulia ndani kama pako laini, mpira uliokaa juani mwaka mzima mbele ya duka huwa umekauka na una nyufa ndogo pale kwenye mikunjo, huo uache hata kama anakupunguzia. Kama una hela ya kununua mpira mmoja tu mzuri, nunua wa kunyonya. Wa kutoa ukivuja utalowesha njia tu.

Na usiende kununua mpira kwa kumwambia muuzaji "nipe wa inchi mbili". Inchi mbili ziko za aina nyingi, kuna inayopimwa ndani kuna inayopimwa nje, mabomba meusi ya kuzika yenyewe yanahesabiwa kwa milimita, utarudi Mbagala na kitu kisichoingia. Nenda na kaplingi yenyewe ya pampu mkononi, yani kile kiungio kinachoshika mpira kwenye pampu, ichomeke hapohapo dukani, ikiingia kwa kubana ndo wenyewe. Ikiingia kirahisi umeshaula wa chuya, hata ukifunga klipu nne (ile mikanda ya chuma ya kubana mpira) itavuta hewa.

Ukubwa wa mpira wa kunyonya ufuate tundu la pampu, usipunguze. Pampu ya inchi 2 inapewa mpira wa inchi 2, full stop. Kuna watu wana mpira wa inchi moja nyumbani wanatafuta rijusa, kile kiungio cha kupunguza ukubwa, wanaufunga, halafu wanalalamika pampu mbovu.

Kufunga sasa. Kata mwisho wa mpira uwe umenyooka, tumia msumeno wa chuma au kisu kikali, usikate mshazari, afu safisha mabaki. Chovya ule mwisho kwenye maji ya moto kidogo ulainike, pakaa maji ya sabuni kwenye meno ya kaplingi, sukuma mpaka ugote mwisho kabisa. Watu wengi wanaishia katikati sababu mkono umechoka, hapo ndo mlango wa hewa. Usipake grisi wala oili, inakaa hapo inalegeza na inakula raba taratibu.

Klipu weka mbili kila mwisho sio moja, na skrubu zake zielekee pande tofauti, moja huku moja kule, sababu klipu huwa inabana vibaya pale penye skrubu yake, ya pili inaziba udhaifu wa mwenzie. Kaza kwa spana ya soketi kama unayo kuliko bisibisi, bisibisi inateleza na inakutoboa kiganja. Kaza, washa pampu dakika chache, zima, kaza tena, mana mpira ukipata joto na kubonyea klipu zinalegea. Kama mpira umepwaya kidogo na huna namna, kata kipande cha tyubu ya baiskeli kivishe kwenye meno ya kaplingi kwanza afu ndo uingize mpira juu yake. Kinachoziba ni pale mpira unapokutana na meno kwa ndani, kwa hiyo ile tabia ya mafundi wetu ya kuzungusha tyubu na mifuko ya nailoni kwa nje (na mifuko yenyewe imepigwa marufuku toka Juni 2019 sijui bado wanaitoa wapi) ni kupamba tu.

Halafu washa. Yani ile raba ya duara ndani ya nati kubwa ya kaplingi, pale inapokutana na pampu. Hii kitu ni ndogo, nyeusi, inadondoka mtu akifungua na hakuna anayeiona, pampu za kukodi karibu zote hazina. Bila hiyo hata ukaze na bomba la mita mbili hewa inapita. Kabla hujafunga weka kidole ndani uiguse, ikiwa haipo au imekauka inapasuka, kata nyingine kwenye raba nene ya tyubu ya gari, duara la nje liingie kwenye nati na tundu la kati lisizibe njia ya maji. Na kwa sababu kinachoziba pale ni washa, kuzungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za hiyo nati, ile mistari ya kukazia, hakusaidii kitu. Tepu nyeupe ni kwa sehemu zinazokazana chuma kwa chuma bila washa, mfano nipo (kile kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi) ya kuingia kwenye tundu la pampu, hapo zungusha kufuata upande unaokazia, mizunguko minne mitano, ukizungusha kinyume inajifungua wakati unakaza. Nyuzi za pampu ni za alumini hizi, laini, anza kwa mkono mpaka uone inaingia sawa ndo ulete spana, ukiilazimisha ikiwa imeenda upande umeua pampu.

Mwisho wa mpira unaoingia majini lazima uwe na chujio, kila siku, hata kama maji unayaona masafi. Jiwe moja likiingia linakwama kwenye feni, ile inayozunguka ndani ya pampu kusukuma maji, na hapo ni kufungua pampu yote. Chujio linalokuja na pampu lina matundu yanayofaa kwa pampu hiyo, likipotea usibadilishe na lenye matundu makubwa zaidi. Kwenye maji ya mafuriko hasa bonde la Msimbazi huko ambako maji yanakuja na kila kitu, nguo, chupa, majani ya mgomba, chujio peke yake haitoshi, chukua ndoo ya plastiki kuukuu itoboe matundu mengi, tia kokoto chini, weka chujio ndani yake. Ukiona maji yanapungua taratibu wakati injini iko vilevile, ndoo imezibwa, zima pampu, safisha, endelea.

Chujio lisilale kwenye tope na lisikae karibu sana na uso wa maji. Likilala chini linakula mchanga, na mchanga unakula feni ya pampu. Likikaa juu utaona maji yanatengeneza kizunguzungu, kile kishimo kinachozunguka, na kishimo hicho kinaingiza hewa moja kwa moja. Njia rahisi ni dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko, funga kamba toka dumu mpaka kwenye chujio, acha kamba kama sentimita 30 au 40, dumu linaelea chujio linaning'inia katikati, maji yakishuka na lenyewe linashuka. Kama maji ni ya kina kifupi na kizunguzungu hakiepukiki tupia kipande cha ubao kielee pale juu, kinakivunja.

Kulaza mpira: toka majini mpaka kwenye pampu uwe unapanda tu. Usipande ukashuka ukapanda tena. Mara nyingi unaona mtu kapitisha mpira juu ya ukuta wa kisima, ukuta uko juu kuliko pampu, mpira unapinda pale unashuka kwenye pampu. Ile nundu inakusanya hewa na hewa haitoki, maji yanakuja kidogo yanakatika yanakuja. Inua pampu iweke juu ya tofali au ubao imara iwe juu kuliko sehemu yoyote ya mpira. Na uzito wa mpira uliojaa maji usining'inie kwenye kaplingi, mpira wa inchi 2 ukijaa unabeba lita 2 kila mita, funga kamba kwenye nguzo au kigingi ubebe uzito.

Haya, kabla ya kuwasha. Fungua kile kifuniko cha juu ya pampu jaza maji mpaka yafurike, funga. Kila mara. Maji hayo ndo yanayosaidia pampu kutoa hewa kwenye mpira, na ndo yanayopoza sili ya ndani, ile inayozuia maji yasipite kwenye shafti. Ukiwasha kavu sili inaungua kwa muda mfupi sana afu pampu inaanza kuvuja chini na kuvuta hewa hapohapo, ndo pampu nyingi za kukodi zinakufa hivyo. Hizi za petroli nyingi zinajivutia zenyewe, ukijaza tumbo la pampu tu inatosha, mpira unaweza kuwa mtupu, subiri dakika moja mpaka tatu nne maji yanafika, ukinyonya mbali inachelewa zaidi. Kama maji yako mbali kidogo weka valvu ya chini kwenye chujio, ile inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi, halafu jaza mpira wote pamoja na pampu, hapo ukiwasha maji yanatoka saa hiyohiyo. Ila maji machafu sana valvu hiyo inakwama na jani dogo tu, kwa hiyo kwenye mafuriko achana nayo.

Washa na gesi kidogo, yani injini iende taratibu, maji yakianza kuja ndo uongeze. Dakika tano zimepita hakuna kitu? Zima. Usikae unaangalia.

Kutafuta hewa inakopita ni rahisi. Maji yakitoka meupe yenye mapovu au yanatema tema, kuna hewa. Pampu ikiwa inazunguka pakaa povu zito la sabuni kila maungio ya upande wa kunyonya, povu litavutwa ndani pale penye tundu, unaliona kabisa linapotea. Upande huu hautakuonyesha maji yakivuja nje sababu unavuta ndani, ndo maana watu wanaapa "mbona pakavu hapa". Ni kama mrija wa dafu uliopasuka, utanyonya mpaka mashavu yaume na hakuna tone la nje. Ukishakagua maungio yote na hewa bado, kagua kile kifuniko cha kujazia maji juu na kizibo cha kutolea maji chini ya pampu, navyo vina raba zake. Na kama hakuna hewa kabisa lakini maji madogo, chungulia ndani ya mpira wenyewe, mipira ya bei rahisi ile ngozi ya ndani inabanduka na kujikunja kuziba njia huku nje unaonekana mzima.

Upande wa kutoa sasa, kwa haraka. Tandaza mpira bapa wote kabla ya kuwasha, usiwashe ukiwa bado umeviringishwa, na toa mikunjo. Usipunguze ukubwa mapema. Hapa kuna hesabu ambayo watu hawaamini: maji yakipita lita 250 kwa dakika kwenye mpira wa inchi 2 wenye urefu wa mita 100, msuguano peke yake unakula nguvu kama ya kupandisha mita 10. Kiasi hichohicho ukikipitisha kwenye mpira wa inchi moja msuguano unakuwa kama mara 30, yani haiwezekani, kitakachotoka ni mchirizi. Kama mwisho wako ni bomba dogo, njoo na inchi 2 mpaka pale mwisho kabisa ndo upunguze.

Hesabu ya kupandisha ifanye hivi: urefu wa kwenda juu toka uso wa maji mpaka mdomo wa simtanki, ongeza msuguano, ibaki chini ya kile kilichoandikwa kwenye kibati, na iwe chini sana sio kidogo, mana ukifika kwenye namba ya kibati maji ni sifuri. Simtanki likiwa juu ya mnara wa mita 6, kisima mita 4, mpira mita 50, pampu ya mita 30 inakufikisha bila shida.

Mdomo wa mpira ufunge. Sio kuushikilia, ufunge kwa kamba kwenye mnara au kwenye mti, mpira wa inchi 2 gesi ikiongezwa unaruka na kupiga watu. Kwenye simtanki mdomo ubaki juu ya maji usizame ndani, ukizama na pampu ikazimwa maji yanaweza kurudi yote kisimani kwa njia ileile. Ukiwa na valvu mbele, ifunge taratibu, ukiifunga ghafla yale maji yanagonga na kaplingi inachomoka. Gari lisipite juu ya mpira wenye maji, kama ni barabara ya mtaa weka mbao mbili pande zote mbili za mpira, na kijana mmoja wa kuwaambia bodaboda wapunguze.

Maji unayotoa yapeleke mtaroni, sio kwa jirani, ugomvi wa mafuriko Dar nusu yake unatokea hapo. Na usichomeke pampu moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, kuvuta zaidi, unavuta na uchafu wa nje kupitia kila palipopasuka na unawanyima wenzio, jaza kwanza kwenye tanki la chini kwa mkondo wake afu ndo upampu toka hapo. Mpira uliotoa maji ya mafuriko usiutumie tena kwa maji ya kunywa hata uusuuze vipi, nunua mwingine uuandike kwa peni ya rangi.

Ukimaliza fungua kizibo cha chini maji yote yatoke kwenye pampu. Visima vingi vya pwani huku Kigamboni na Mbezi Beach maji yana chumvi, vuta ndoo mbili tatu za maji yasiyo na chumvi yapite kwanza ndo uzime, chumvi ikikaa inakula alumini. Mpira mgumu uviringishe duara kubwa, usiukunje, usiuning'inize kwenye msumari mmoja maana pale panabonyea na ndipo utakapopasukia, mpira bapa ukaushe kivulini kwanza. Washa za kaplingi zitoe uzifunge na waya kwenye mpini wa pampu, kama unakodisha hesabu kabla mteja hajaondoka.